Mwaka Tuliokaa na Seta Mwekundu

Mwezi uliopita tulimzika kaka yangu Okumu. Kijana aliyepewa kipaza sauti kuongoza mazishi, msemaji hodari aliyezaliwa miaka mingi baada ya mambo ninayotaka kuyaeleza, aliwaambia waombolezaji kwamba marehemu alikuwa mtu wa vituko: mke alipofariki hakudondosha chozi, lakini mbwa alipokufa alipiga nduru mpaka vijiji vizima vikakusanyika. Watu wakacheka chini ya hema, wengine wakapiga makofi. Kwetu mazishi hayakosi mzaha, na simkatazi mtu mzaha wake. Lakini mimi nilikuwa nimeketi mstari wa mbele na goti langu hili lisilokunjika, na nikashikwa na hasira ambayo sikuwa nimeisikia tangu niache kufundisha. Kila alichosema kilitokea kweli, ila hakujua alichokuwa akisema. Tulioshuhudia tumebaki wachache, na kati yetu mwenye macho ya kuandika ni mimi peke yangu, kwa hiyo naandika.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Nilikuwa nimemaliza shule ya sekondari na nangoja nafasi ya chuo cha ualimu, na badala ya kukaa bure nyumbani nikapelekwa Kisumu kumtunza Okumu, aliyekuwa mpishi wa mjane mmoja Mzungu kule Milimani, tuliyemwita Memsahib. Okumu aliishi nyuma ya nyumba kubwa, ng'ambo ya ua wa kayaba, katika vyumba viwili vya matofali, kila kimoja na kidirisha kimoja. Chumba cha kwanza kilikuwa na meza, viti viwili na jiko la makaa. Cha pili kilikuwa cha Okumu na mkewe Akelo, na ingawa Akelo alikuwa amefariki miezi michache kabla sijafika, chumba kilikuwa bado chake. Kitambaa chake cha kichwa, cha samawati, kilining'inia msumarini. Sapatu zake zilikuwa chini ya kitanda, zimeelekea mlangoni. Juu ya rafu palikuwa na chanuo lake la mbao na kopo la mafuta ya nywele lisilo na kifuniko. Siku ya kwanza nilipofagia nikazisogeza zile sapatu, Okumu alizirudisha palepale. Mimi nililala chumba cha mbele, juu ya mkeka, na kila asubuhi niliamshwa na harufu ya mkate aliokuwa akimwokea Memsahib, mkate ambao yeye mwenyewe hakuuonja. Jioni nilipika ugali na omena, au sukuma wiki, naye alikula akiwa amesimama mlangoni, sahani mkononi, macho uani, kama mtu anayengoja kuitwa.

Mambo ya kifo cha Akelo niliyapata bombani, kwa wanawake waliokuwa wakichota maji. Walisema alishikwa na uchungu siku ambayo Memsahib alikuwa na wageni. Mtoto alitoka salama, msichana, lakini mama alivuja damu na haikuzuilika. Mtu aliyetumwa kutoka hospitali alifika mlango wa jikoni na kumkuta Okumu amebeba bakuli la supu. Okumu alimsikiliza mpaka mwisho, akaingia na ile supu, akaigawa, akarudi akachukua nyama, akaigawa, akagawa na pudini, akavua aproni, ndipo akaenda hospitali kwa miguu. "Huyo amepikia Wazungu mpaka machozi yake imekauka," mmoja alisema, na wenzake wakacheka kwa pua. Hawakujua kwamba mimi ni dadake. Au walijua.

Mazishi nilikuwa nimeyaona mwenyewe. Kwetu mwanamume aliyefiwa na mke huenda kaburini akipaza sauti, humwita kwa jina, huuliza ameachwa na nani, na wote husikia. Okumu alisimama pale ameshika kofia kwa mikono miwili, kimya, macho makavu. Watu waliangaliana. Mtu asiyelia hufikiriwa mambo mabaya, na hata wasiosema walifikiri. Mama Akelo, mama mkwe wake, alimtazama siku zote za matanga, na yalipokwisha alimfunga mtoto mgongoni akasema mbele ya wazee: "Mtoto naenda na yeye. Mwanaume ambaye hawezi kulilia mwanangu hawezi kulea mjukuu yangu. Siku nitasikia amemlilia, hiyo siku tutaongea." Akaondoka na Atieno, mtoto ambaye babake hakuwa amempakata hata mara moja. Na Okumu hakuweza kumfuata kumsihi, kwa sababu kwetu mtu na mama mkwe wake huheshimiana kwa kukaa mbali. Hawaketi pamoja, hawali pamoja, hata mikono hawapeani. Hilo ndilo lililokuwa limemkaa kooni mwaka ule. Alimtaka mtoto wake, na bei yake ilikuwa machozi, na machozi hayakuja.

Sasa nije kwa mbwa. Memsahib alikuwa na wawili, seta wa Ailandi, na mimi sikuwa nimewahi kuona mbwa wa namna ile. Wetu wa nyumbani wana manyoya mafupi, masikio yamesimama, mbavu zinahesabika, na wanajua wa kumwuma. Hawa walikuwa warefu, wembamba kiunoni, wekundu rangi ya chai isiyo na maziwa, na manyoya laini yalining'inia masikioni, kifuani, nyuma ya miguu na chini ya mkia. Halafu walipenda kila mtu. Tarishi alipofika walimrukia kwa furaha, muuza mboga vivyo hivyo, na siku moja kijana aliyeruka ua kuiba maembe walimfuata mpaka juu ya mti wakimtikisia mkia. "Hii mbwa hapana ya kulinda," Memsahib aliniambia kwa Kiswahili chake cha walowezi. "Mwizi nakuja, yeye nafurahi sana." Alasiri nilipopiga pasi verandani alipenda kunieleza asili yao, kwa umakini uleule ambao wazee wetu hueleza nao ukoo. Nilijifunza kwamba zamani kule kwao, kabla watu hawajajua kupiga ndege kwa bunduki, wawindaji walifundisha mbwa atafute ndege shambani, pua juu kwenye upepo, na akishawanusa asimame, ajishushe, alale chapa kifudifudi akiwaelekea bila kutikisika. Ndege hujificha kwa woga, mbwa hulala, na watu huja na wavu mkubwa wakaufunika juu ya ndege na mbwa pamoja. Bunduki zilipokuja wavu ukasahauliwa, lakini mbwa hakusahau. Mpaka leo, alisema, kitoto cha seta ambacho hakijafundishwa na mtu kitaona kipepeo na kulala chini.

Aliniambia pia kwamba wana ndugu zao. Kuna seta wa Uingereza, weupe wenye madoadoa, wapole mno. Kuna wa Uskochi, weusi wenye kahawia miguuni na usoni, wazito zaidi, wanaoshikamana na mtu mmoja. Na kuna hawa wa Ailandi, wepesi na wenye michezo, ambao hapo kale walikuwa wekundu wenye mabaka meupe mpaka watu wakaanza kuchagua wale wekundu watupu. Wanachelewa kukomaa. Hata mwaka wa tatu bado wana akili ya kitoto. Lazima wakimbie kila siku, na ukiwafunga kamba wanaugua moyo. Wakitunzwa vizuri huishi miaka kumi na miwili, kumi na mitatu, wengine hupita kidogo. Okumu alikuwa akileta chai katikati ya mazungumzo haya, akaiweka, akasimama nyuma ya kiti na sinia tupu. Nilidhani anangoja kutumwa. Kumbe alikuwa anasikiliza.

Mwaka ule Wazungu waliobaki Milimani walikuwa wakifunga mizigo mmoja baada ya mwingine. Walikuwa na desturi ambayo sisi hatukuielewa: mbwa ambaye hawezi kusafiri nao walimwua, kwa kuwa hawakutaka abaki akapigwe mawe au afe njaa. Ukiona daktari wa mifugo ameingia nyumba fulani na mkoba wake, umejua wenyewe wanaondoka. Zamu ya Memsahib ilipofika, daktari alikuja asubuhi, na Okumu akaombwa ashike kichwa. Walianza na dume, mzee wa miaka kumi na miwili, mdomo umekuwa mweupe na miguu ya nyuma inayumba. Alimlamba Okumu kifundo cha mkono taratibu mpaka ulimi ukasimama. Mtunza bustani alipombeba kumpeleka shimoni, jike, ambalo lilikuwa na miaka mitano, lilikuja mbio lenyewe kutoka upande wa jikoni, likaweka kichwa mapajani mwa Okumu, mahali palepale ambapo kichwa cha mwenzake kilikuwa. Daktari alikuwa anajaza sindano.

"Hapana," Okumu alisema.

Sikuwa nimewahi kusikia neno hilo kinywani mwake mbele ya Memsahib. Yule mama naye hakuwa amelisikia. "Okumu, wewe nataka nini?"

"Huyu hajamaliza miaka yake, Memsahib. Wewe mwenyewe ulisema ni kumi na mbili. Huyu iko na tano tu."

"Wewe nyumbani napa yeye nini? Yeye nakula nini?"

"Atakula chenye nakula."

Memsahib alimtazama, kisha akaficha uso kwa mikono akalia kwa sauti, mbele ya daktari, mbele yetu, mabega yakitikisika. Nilimwangalia kaka yangu akimwangalia. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyesimama nje ya duka anapotaka kununua na hajui mlango uko wapi. Nilimhurumia, na nikiandika haya bado namhurumia. Akelo alikuwa na miaka ishirini na mitatu, na hakuna aliyesimama mahali popote kusema kwamba huyu hajamaliza miaka yake.

Tulirudi nyumbani, karibu na Katito, juu ya lori la mchanga, sisi wawili na masanduku na mbwa, masikio yake yakipepea njia nzima kuanzia Kisumu. Kijiji kilimpokea kwa vicheko. Wakamwita Nyarloka, yaani binti wa ng'ambo, na jina likashika. "Hii ni mbwa ama ni kondoo?" jirani yetu Mzee Ogada aliuliza, mtu ambaye hakuwa na kazi kubwa kuliko kuuliza maswali. Wiki ya kwanza mwizi wa kuku alipita, na asubuhi tulikuta nyayo zake na za Nyarloka zikienda pamoja mpaka barabarani. Aliogopa kuku, akamwogopa paka, akalala mlangoni kwa Okumu. Nywele zake ndefu zilijaa kupe na mbegu za majani, na Okumu akalazimika kumchana kila jioni. Siku ya kwanza alitafuta cha kumchania, akasimama kidogo, kisha akaingia kwenye sanduku na kutoka na chanuo la Akelo. Alimchana polepole, sikio, kifua, mkia, na akiwa anamchana alianza kuzungumza, si na mimi, na yule mbwa. Alimwambia mambo ya jikoni Milimani. Akamweleza jinsi Akelo alivyopenda kulala mchana akisingizia anasali. Nilikuwa nakoroga uji ndani ya jiko la nje, nikaacha kukoroga ili nisikie, na uji ukaungua, na usiku huo tuliula hivyohivyo na hakuna aliyelalamika.

Mtama ulipoanza kukomaa, kware wakaja. Sisi tunawaita aluru, na kuwatega ni sanaa ya kwetu. Watu huweka ndege waliofugwa ndani ya vikapu vidogo, wakavitundika juu ya mlingoti mrefu, na alfajiri hao wa vikapuni huimba, wale wa porini husikia na kushuka kwenye majani, na chini kuna vitanzi vya singa za mkia wa ng'ombe. Okumu alitega kama wengine. Lakini siku moja tukipita pembeni ya shamba, Nyarloka aliyekuwa akirukaruka mbele yetu alisimama ghafla, pua juu. Akajishusha. Akalala chapa, mguu mmoja wa mbele umekunjwa, na hakutikisika hata nzi alipomtua kwenye jicho. Mimi nilidhani ameumwa na nyoka. Okumu alicheka. Sikuwa nimesikia kicheko chake tangu mazishi, na kilinitia machozi. "Nyamera," aliniita, dada yangu, "kimbia, lete ile wavu ya kuvulia." Nikaleta wavu wa zamani uliokuwa umelala darini. Tukaushika huku na huku, tukatembea kutoka nyuma ya mbwa, tukamfunika yeye na majani yaliyo mbele yake, na chini ya wavu kware wakafurukuta mahali ambapo hatukuwa tumeona hata mmoja. Nyarloka alibaki amelala chini ya nyuzi, anahema, macho yanang'aa. Wazee wa wazee wake walifanya kazi hiyo Ulaya kabla ya bunduki, na yeye aliifanya hapa kwetu Nyakach, na hakuna aliyemfundisha. Alichofundishwa na Okumu kilikuwa kimoja tu: asiinuke mpaka wavu uguse mgongo wake. Alikielewa haraka, na baada ya hapo hata umwite, hata upige mluzi, hakuinuka mpaka aguswe na wavu.

Hizo zilikuwa wiki nzuri. Mzee Ogada aliacha maswali akawa anakuja kushika ncha ya wavu. Tulikula kware wa kuchoma, wa kukaanga, wa mchuzi, na Okumu akaanza kula ameketi. Alianza hata kuwafundisha wanawake wa kijiji kuwapika kwa kitunguu kama alivyopika Milimani. Na kila alipopata wazuri aliwapika, akawafunga kwa majani ya ndizi, akatembea nao mpaka kwa Mama Akelo, ng'ambo ya soko, akasimama langoni. Alitumaini kumwona mtoto. Siku nilipoenda naye nilimwona Atieno mimi, anatambaa kivulini mwa ghala, mnene, na Okumu akamwona, akashika nguzo ya lango. Mama Akelo hakutoka. Alimtuma binti wa jirani arudishe kile kifurushi, bado cha moto, na maneno: "Amesema hajasikia kitu." Tukarudi. Njiani Okumu alisimama, akaniuliza kwa upole kabisa, "Mtu hulia aje, Nyamera? Inaanzia wapi?" Nilikuwa na miaka kumi na minane na cheti cha kidato cha nne. Nikampokea kile kifurushi, tukaendelea na njia.

Kisha kikaja kichaa cha mbwa. Mbwa asiyejulikana aliuma ng'ombe karibu na barabara kuu, akauma na mtoto wa shule. Chifu akaita baraza, akatangaza kila mtu afunge mbwa wake, na askari watapita kupiga risasi wote watakaokutwa nje, na hasa waangalie mbwa anayetoa ute, au aliyepooza asiyesikia akiitwa. Okumu alimfunga Nyarloka ndani ya ghala kwa kamba ya katani, akampa maji, akamkalisha na kumweleza kana kwamba ni mtu. Lakini seta hafungiki. Alilia siku nzima, sauti nyembamba isiyokoma, akakataa chakula. Okumu alikuwa akilala naye humo ghalani ili atulie. Siku askari walipofika upande wetu, Okumu alikuwa shamba la chini analima, nami nilikuwa napepeta mtama uani. Nilisikia kimya. Nilipochungulia ghalani, kamba ilikuwa imetafunwa.

Nilikimbia nikimwita. Nikamwona upande wa juu wa shamba, mahali mtama unapokutana na nyasi, amelala chapa, pua mbele, mguu umekunjwa. Jua lilikuwa kali, na yeye alikuwa amekimbia baada ya kufungwa siku kadhaa, kwa hiyo ulimi ulikuwa nje na udenda unadondoka kwenye majani. Upande wa pili, njiani, askari wawili walikuwa wameshasimama. Mmoja, kijana, alikuwa na bunduki begani.

"Hiyo si mgonjwa!" nilipiga kelele. "Usipige! Hiyo ni yetu!"

"Mama, kaa mbali," mkubwa wao alisema. "Unaona ile mate? Imeshapooza hiyo."

"Haijapooza! Iko kazini! Kuna ndege hapo mbele yake!"

"Kazi gani? Basi iite ikuje."

Nikamwita. Nilimwita kwa jina, nikapiga magoti, nikapiga makofi. Okumu alikuwa ametusikia na alikuwa anapanda mbio kutoka shamba la chini, jembe mkononi, anapiga ule mluzi wake na kupaza sauti, "Nyarloka! Amka! Amka, mama, amka!" Sikio moja lilitikisika kidogo. Alikuwa anatusikia. Alikuwa anangoja wavu. Wavu ulikuwa darini, na hakuna mtu duniani ambaye angeufikia kwa wakati. Okumu aliona hivyo wakati uleule nilioona mimi, akatupa jembe, akavua shati akikimbia, nadhani alitaka kumtupia shati limguse mgongo. Hakufika. Bunduki ikalia, na mbele ya pua ya Nyarloka, hatua moja tu kutoka pale alipokuwa akitazama, kware akaruka kutoka kwenye nyasi, mabawa yakipiga, akaenda zake juu ya mtama. Yule askari kijana alimfuata kwa macho mpaka akapotea. Kisha akavua kofia. "Pole, Mzee," alisema, ingawa Okumu hakuwa mzee. "Kumbe kulikuwa na ndege." Mwenzake akamshika mkono, wakaondoka, na hawakupiga mbwa mwingine kijijini kwetu siku ile.

Okumu alipiga magoti, akamwinua kichwa, akakiweka mapajani. Alipitisha vidole kwenye manyoya ya sikio, kutoka juu mpaka chini, akarudia. Halafu sauti ikatoka. Sijui ilianzia wapi, labda miguuni, kwa maana mwili mzima ulikunjuka kuipisha. "Akelo!" alipaza. "Akelo, yaye! Akelo, umeniacha na nani? Supu ilikuwa mkononi, Akelo! Ningeiweka wapi? Akelo, nyinyi wote mnaenda, mnaniacha na nani?" Aliita na kuita. Nduru ya mwanamume mchana kweupe kwetu ina maana moja, msiba, na watu wakaja mbio kutoka pande zote, wengine na majembe, wanawake wakiwa wameshaweka mikono kichwani. Walipofika wakaona mbwa. Mzee Ogada akasema, "Ni hii mbwa tu?" na vijana wawili wakaanza kucheka. Ndipo mwanamke mmoja akawanyamazisha. "Ninyi, sikizeni jina anaita." Wakasikiliza. Kicheko kikaisha. Yule mwanamke akaanza kulia, na wenzake wakampokea, wakimlilia mtu aliyekuwa amezikwa zaidi ya mwaka mzima.

Habari ilifika sokoni kabla ya mtu yeyote kutumwa. Mama Akelo alikuwa Katito akiuza viazi vitamu. Niliambiwa baadaye aliacha viazi vyake chini vilevile, hakumwambia mtu amwangalizie. Nilimwona akija njiani na Atieno mgongoni, anatembea haraka, kisha karibu na mtama akapunguza, akasimama mbali, pale ambapo adabu ilimtaka asimame. Okumu hakumwona, macho yake yalikuwa yamefumbwa na uso umejaa maji. Mama Akelo alisikiliza. Alisikiliza yote, ya supu, ya kulala mchana, ya hospitali, ya mambo ambayo mtu hamwambii mama mkwe. Watu wakamwangalia waone atageuka upande gani. Akaja. Alipita katikati yetu, akafika, akaketi chini ardhini kando ya mkwe wake, bega karibu na bega, miguu ameinyoosha, jambo ambalo hakuna aliyekuwa ameliona wala kulisikia, na akafungua mdomo akamlilia binti yake pamoja naye. Sauti yake ilishuka pale ya Okumu ilipopanda. Tangu siku hiyo nimezika mume na nimezika mtoto, na sijasikia tena kilio kama kile.

Walipochoka, Mama Akelo aliniambia nilete maji. Nikaleta kwa kibuyu.

"Leta mikono," alimwambia Okumu.

"Mama, hapana. Mikono yangu iko na damu. Mimi na wewe hatuwezi..."

"Leta."

Akaileta. Mama Akelo akamimina maji, akamsugua damu kwa kidole gumba chake, kidole kwa kidole, kama anavyooshwa mtoto. Akaifuta kwa ncha ya leso yake. Kisha akaifungua leso, akamtoa Atieno mgongoni, akamweka mikononi mwa baba yake. Mtoto alimtazama yule mtu asiyemjua, uso umevimba, macho mekundu, kifua wazi, akapiga ukelele, akamnyooshea bibi yake mikono yote miwili. Bibi yake akageuza uso akaangalia mtama. Mtoto akalia, akasukuma, akapiga mateke, na Okumu akamshikilia, hakumrudisha.